Watoto 14, elfu saba kwa mwezi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mboga na dagaa hapa Morogoro mjini. Wa katikati ni binti wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Anatembea kwa kushikiliwa, maneno yake tunayaelewa sisi wa nyumbani na mwalimu wake, na chooni bado hawezi kwenda peke yake. Mwaka juzi nilimwandikisha shule ya msingi ya serikali iliyo jirani, ina kitengo cha elimu maalumu. Kabla ya hapo alikuwa anashinda ndani. Sasa anahesabu hadi ishirini, anatambua jina lake likiandikwa ubaoni, na asubuhi nikichelewa kumvalisha sare analia. Nakueleza haya usije ukadhani tunapeleka watoto pale wakapoteze muda.

Kitengo kina watoto 14, shule nzima ina wanafunzi 840. Walimu walikuwa wawili, mmoja amehama tangu Machi na hajaletwa mwingine. Chumba chenyewe ni stoo ya zamani ya vitabu. Watoto sita ni wa kubadilishwa na kulishwa, na mwalimu mmoja hawezi kufundisha huku anafua. Tukakubaliana wazazi tumweke mama mmoja wa mtaani awe mlezi, tumlipe 120,000 kwa mwezi, kila mzazi alete 10,000. Mwezi wa kwanza tulitoa wote. Wa pili wakatoa kumi. Sasa tumebaki sita. Nikaja kujua kwamba pengo alikuwa analiziba mwalimu kwa mshahara wake, na sabuni na pampasi za akiba ni zake pia. Miezi miwili hii ameshindwa, ana mkopo wa benki, na mlezi anadai 120,000. Anasema Septemba ikiisha haji tena.

Kwenye mkutano wa wazazi wa Juni nikasimama nikauliza. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba ruzuku inakuja kwa idadi ya wanafunzi, serikali haitofautishi mtoto na mtoto, na ikifika inaishia kwenye chaki, karatasi za mitihani na bili ya maji. Sikumwona kama mtu anayedanganya. Kisha akasimama baba mmoja akasema, "Watoto wetu wamebanana 112 darasa moja. Hao 14 wana chumba chao na mwalimu wao. Wanataka nini tena?" Watu wakapiga makofi. Nilikaa chini sikusema tena.

Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu ana lake. Mmoja anasema twende halmashauri tukadai ile asilimia mbili ya walemavu. Kuna kijana wa mitandaoni amejitolea kuja kurekodi video ya watoto, na ya chumba, na ya jinsi wanavyobadilishwa, anasema wafadhili wataona. Mume wangu anasema haya yote ni kujisumbua, binti apelekwe shule ya bweni ya elimu maalumu, hata kama ni mkoa mwingine.

Nifanye nini? Nimtoe kwanza mtoto mpaka mambo yatengemae?

Mama wa Kitengo, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimefundisha vitengo vya aina hiyo miaka mingi kabla ya kustaafu, na ile stoo ya vitabu naifahamu hata kama sijawahi kuingia. Nianze na hesabu, maana wewe ni mfanyabiashara na hesabu hazitakutisha.

Mwalimu Mkuu wenu kasema kweli, ila kaisema nusu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, baada ya Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zinashuka shuleni. Kiwango chenyewe ni cha zamani kuliko hapo: ni zile dola kumi za wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002, dola moja ikiwa karibu na shilingi elfu moja. Bei ya sabuni ya 2002 wewe unaikumbuka kuliko mimi.

Basi zidisha. Wanafunzi 840 mara 6,000 ni 5,040,000 kwa mwaka, yaani 420,000 kwa mwezi kwa shule nzima. Sasa chukua wa kitengo peke yao: 14 mara 6,000 ni 84,000 kwa mwaka. Gawa kwa kumi na mbili, unapata 7,000 kwa mwezi. Elfu saba, kwa watoto kumi na wanne. Mlezi wenu peke yake ni 120,000. Kwa hiyo usipoteze usingizi ukidhani kuna mtu kakaa juu ya fedha zenu. Huenda yupo, sijui, lakini hata asipokuwepo hesabu hii haifungi. Imetungwa kwa mtoto anayekuja na miguu yake, anakaa, anafungua daftari.

Na nimtendee haki Mwalimu Mkuu, tena niitendee haki na serikali: mshahara wa yule mwalimu hautoki kwenye ruzuku, unatoka hazina moja kwa moja, na mwalimu ndiye gharama kubwa kuliko zote. Kinachokosekana kwenu ni kile kidogo kinachomwezesha mwalimu afundishe. Hicho kidogo hakina fungu, ndiyo maana kinaangukia mfuko wake na mfuko wako.

Nusu aliyoiacha ni hii. Ruzuku inakuja kwa kichwa, lakini haitumiki kwa kichwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila mtoto lazima atumiwe 6,000 zake. Matumizi yanapangwa kwa kazi: taaluma, ukarabati, utawala. Na anayepitisha mpango wa matumizi ni kamati ya shule, ambayo ndani yake wamo wazazi. Kamati ikiamua kwamba 40,000 kwa mwezi ziende kitengo, haijavunja kitu. Swali langu kwako ni dogo: katika wajumbe wa kamati, yupo mzazi hata mmoja wa kitengo? Kama hayupo, nani atasema "sabuni" wakati wengine wanasema "chaki"? Nafasi zikitangazwa, gombea. Kabla ya hapo omba mualikwe hata kwa ajenda moja. Na mapato na matumizi ya shule yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Nenda kayasome ukiwa mtulivu, uyanakili, usipige picha kwa mbwembwe.

Lakini 420,000 ni 420,000. Hata kamati ikiwapenda vipi, haitawatosha. Fedha inayotosha iko halmashauri, kwenye mapato ya ndani, na kule haiendi kwa huruma.

Hapa nikusimulie langu. Miaka ya mwanzo nilikuwa naandika kwenye mpango wa shule, kila mwaka, mstari mmoja: "vifaa vya kitengo". Kila mwaka unarudi mtupu. Siku moja nikamfuata afisa mipango, kijana mdogo, nikiwa nimefura. Akanisikiliza, akasema, "Mwalimu, 'vifaa' ni nini? Mimi naandika wapi hicho? Niletee viti vingapi, vya aina gani, bei gani." Nilitoka nimenuna. Usiku nikaandika: viti sita vyenye mikanda, bei ya fundi seremala wa pale sokoni. Mwaka uliofuata nilipata vinne. Si sita, vinne. Lakini vilikuja.

Kwa hiyo kaeni na mwalimu wenu Jumamosi moja muandike gharama ya kitengo kwa mwaka mzima, kitu kimoja kimoja. Siku za masomo kwa mwaka ni 194. Watoto sita, pampasi mbili kwa siku: hiyo ni pampasi 2,328. Ulizeni bei ya jumla, si ya dukani. Mlezi miezi kumi ni 1,200,000. Sabuni, ndoo, glavu, godoro moja la kulalia, mlango wa choo unaopitisha kiti mwendo, reli ya kushikia. Mkimaliza mtakuwa na karatasi moja yenye jumla chini. Msiandike "tunaomba msaada". Andikeni "gharama za uendeshaji wa kitengo cha elimu maalumu, wanafunzi 14".

Karatasi hiyo inapita kamati ya shule, inasainiwa na kuwekwa ndani ya mpango wa shule, kisha inapanda kwa Afisa Elimu Kata na Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi halmashauri. Nakala moja mpelekee Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri, nyingine diwani, mkononi, na daftari la kusaini kwamba kapokea. Muda ndio unaowaponza wazazi wengi. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini bajeti ya Julai inapikwa miezi mingi nyuma: shule na kata zinaandaa mipango kuanzia Oktoba hivi, baraza la madiwani linapitisha mwanzoni mwa mwaka, kisha inakwenda mkoani, TAMISEMI, yaani wizara ya serikali za mitaa, na Bungeni. Anayekwenda kulalamika Mei anakuta sufuria imeshaepuliwa. Ninyi mko Agosti. Mmewahi.

Mkiulizwa mnaomba kwa haki gani, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Kifungu cha 27 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shule ya kawaida na kupata huduma za usaidizi anazohitaji ili ajifunze. Iwekeni kwenye barua kwa sentensi moja, iishie hapo. Nimeona wazazi wakiipiga mezani kama fimbo siku ya kwanza, na baada ya hapo hakuna ofisa aliyetaka kukutana nao tena.

Suala la mwalimu aliyehama ni barua nyingine, msilichanganye na hili. Nalo si lazima lisubiri ajira mpya. Katika halmashauri nyingi utamkuta mwalimu aliyesomea elimu maalumu pale Patandi, Arusha, anafundisha hisabati darasa la tano kwa sababu siku aliporipoti ndipo palipokuwa na pengo. Mwombeni Afisa Elimu Maalumu aangalie orodha yake, hasa kata yenu na kata jirani.

Jambo lingine linaloonekana dogo: hakikisha binti yako ameandikwa sawasawa kwenye takwimu za shule, zile zinazokusanywa kila mwaka, kwamba ana ulemavu na ni wa aina gani. Nimewahi kukuta kitengo cha watoto ishirini ambacho kwenye fomu kilikuwa na saba, wengine wamejazwa kama wanafunzi wa kawaida. Wizara inaponunua vifaa vya elimu maalumu na kuvigawa kupitia halmashauri, inagawa kwa takwimu hizo. Mtoto ambaye fomu haimjui, lori la vifaa halimjui.

Hapa ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Usimtoe. Ukimtoa wanabaki 13, mwenzako akiona hivyo naye anamtoa wake, Januari wako tisa, na kitengo cha watoto tisa chenye mwalimu mmoja ni rahisi sana kukifunga. Sikutishi, nimeona kimoja kikiisha hivyohivyo, na chumba kikarudi kuwa stoo.

Asilimia mbili: mweleze mwenzenu kwa upole kwamba amechanganya mambo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Ni mkopo kwa ajili ya biashara, unarudishwa. Si fungu la shule, na mkienda kuudai kwa ajili ya pampasi mtachekwa mlangoni. Ila ninyi akina mama mnaouza sokoni, ile nne ya wanawake iangalieni kwa shughuli zenu wenyewe.

Sasa huyo kijana wa video. Mwanangu, hapana. Chumba arekodi, hata mimi ningemshikia taa. Aonyeshe mlango mwembamba, choo, godoro lililochanika. Lakini mtoto akibadilishwa nguo, hapana, na asikudanganye mtu kwamba uso utafunikwa. Binti yako ana miaka tisa. Akifika kumi na tano, ile video itakuwa bado inazunguka kwenye simu za watu, na hakuna aliyemuuliza. Tena fedha ya namna hiyo naijua: inakuja mara moja, kwa kishindo, pamoja na magodoro na picha ya kukabidhiana, kisha Aprili mlezi anadai tena. Mfadhili ananunua kitu, mshahara wa kila mwezi hanunui. Akitokea mwenye nia njema, mpeleke kwa Mwalimu Mkuu na kamati, ajenge choo.

Michango yenu wenyewe pia iwekeni sawa kabla haijamponza mwalimu. Mzazi kuchangia kwa hiari hakukatazwa, lakini mwalimu hatakiwi kukusanya wala kushika michango, na mtoto hawezi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mliyafanya kwa mapenzi, najua, ila siku mkikosana huyo mwalimu ndiye atakayejieleza kwa mkurugenzi. Makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kamati, na malipo ya mlezi yapitie huko, kwa risiti. Na wale wanane walioacha msiwaseme kwenye kundi. Watembeleeni. Wengine wanalipa bodaboda mara mbili kwa siku kwa sababu daladala haiwabebi na kiti mwendo, na elfu kumi yao imeishia hapo. Anayeshindwa fedha anaweza kuleta sabuni, au kuja Jumatano kushinda na watoto.

Kuhusu yule baba wa 112, huyo ndiye aliyenikalisha na barua yako. Ulimwona adui. Mimi nimemwona mtu ambaye naye anaumia. Darasa la watoto 112 ni maumivu ya kweli, na mtu akiumia anamtazama aliye karibu, hamtazami aliye mbali aliyepanga 6,000. Mfuate, si mkutanoni, dukani kwake au msikitini au popote anapopatikana. Mwonyeshe ile hesabu ya elfu saba. Mwambie hata mkifunga kitengo leo, darasa la mwanawe litabaki na 112, na juu yake wataongezwa wengine 14. Halafu mwombe asaini karatasi yenu, na ninyi msaini ya kwake ya kuomba madarasa. Kata ikipokea karatasi yenye saini za wazazi wa pande zote mbili, diwani ataisoma, maana hizo ni kura.

Na kama atakuuliza mbona serikali haitofautishi mtoto na mtoto, mwambie wapo wanaotofautisha. Kenya, katika elimu yao ya msingi ya bure, walipanga shilingi zao 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na mwenye mahitaji maalumu akaongezewa 2,300 juu yake. Hazitoshi, na walimu wa kule wanalalamika kwamba zinachelewa. Lakini kwenye karatasi wameshakubali kwamba mtoto huyu anagharimu zaidi. Sisi tuliandika Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, na Sera ya Elimu toleo la 2023 inayotaka elimu ya lazima ya miaka kumi kwa kila mtoto. Maneno ni mazuri. Elfu sita imebaki elfu sita.

Mume wako nisimpuuze. Shule za bweni zinazopokea watoto wenye ulemavu zipo na baadhi zinafanya kazi nzuri: Buguruni Viziwi na Uhuru Mchanganyiko za Dar es Salaam, na nyingine mikoani. Zile za bweni serikali huzitengea fedha ya chakula, jambo ambalo kitengo cha kutwa kama chenu hakina. Kwa mtoto kiziwi au asiyeona, wakati mwingine bweni ndiko atakakojifunza lugha yake au nukta nundu, na ningekwambia mpeleke. Binti yako ni mwingine. Maneno yake yanaeleweka na watu watano tu duniani, na wote wako Morogoro. Kumpeleka mbali akiwa na miaka tisa, hawezi kujisemea kwamba ana njaa au ana maumivu, mimi nisingethubutu. Mwambie baba yake asikilize hilo kwanza, na kama bado anataka, nendeni wote wawili mkaione hiyo shule siku ya kawaida, si siku ya wazazi.

Matibabu na mazoezi ya viungo yasiingie kabisa kwenye hesabu ya kitengo. Hayo muone Afisa Ustawi wa Jamii, uulize utaratibu wa barua ya msamaha wa gharama hospitalini. Ni mlango mwingine na ufunguo mwingine.

Kabla ya yote hayo, mlezi. Deni lake ni 120,000 na ninyi mnaotoa mko sita, yaani elfu ishirini kila mmoja. Najua kwa muuza dagaa hiyo ni ngapi. Lakini Jumamosi mtakapokaa kuandika hesabu, mtahitaji mtu anayejua pampasi ngapi zinatumika kwa siku na sabuni inaisha baada ya siku ngapi, na anayejua ni yeye. Mlipeni Ijumaa.